Pikipiki ya Kwanza Isizidi CC 125: Jibu kwa Wanaosema Nawarudisha Nyuma Vijana



Msimu wa kahawa umefika, fedha zimeanza kuingia mifukoni, na kama ilivyo kila mwaka, swali ninaloulizwa zaidi si la mbolea wala la mbegu. Ni hili: "Bwana shamba, ninunue pikipiki gani?"

Jibu langu ni moja na nimelisema kwenye mikutano mpaka watu wamechoka kulisikia. Kama hujawahi kumiliki pikipiki, au una chini ya mwaka mmoja barabarani, nunua pikipiki ya kawaida ya CC 100 hadi 125. Nasema ile ya injini wazi, kiti kirefu na usukani wa kukaa wima, ambayo fundi yeyote wa kijijini anaifahamu. Usianze na 150. Fedha inayobaki iende kwenye mafunzo, leseni, kofia na matengenezo.

Kwa jibu hilo nimeitwa mwoga. Nimeambiwa nawarudisha nyuma vijana, na kwamba mtu wa ofisini hajui maisha ya mchuuzi. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Nianze na kosa langu

Zamani na mimi nilikuwa upande wao. Kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa hapa Mbozi kilipata mkopo wa kununulia pikipiki za kusafirishia mazao na pembejeo, wakaniita niwashauri. Nikasimama mbele ya watu wazima nikasema, "Chukueni 150, hizi ndogo zitawasumbua milimani." Watu wakapiga makofi. Sikuuliza nani kati yao anajua kuendesha, na mwenyekiti naye hakuuliza.

Kijana mmoja wa kikundi kile alijifunza kwenye uwanja wa shule kwa jioni tatu. Mwezi Desemba, mvua zimeshika kasi na watu wanapanda mahindi, alitoka Mlowo na mifuko minne ya mbolea nyuma yake. Hiyo ni kilo 200. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu mbuzi akakatiza njia. Kijana akabana breki ya mbele kwa nguvu zote, gurudumu likateleza, pikipiki ikamlalia na mbolea ikaja juu yake. Mguu ulivunjika sehemu mbili.

Alilazwa wiki nyingi. Marejesho ya mkopo hayakungoja mguu upone, hivyo familia ikakodisha shamba la kahawa ili kulipia pikipiki iliyokuwa imelala kwenye banda, usukani umepinda. Msimu uliofuata kahawa yao ilichumwa na watu wengine, wao wakitazama.

Mtaniambia mbuzi na mvua havijui CC. Ni kweli, hata 100 ingeteleza pale. Lakini mifuko minne aliipakia kwa sababu tulimwambia inaweza kubeba. Nani alimwambia? Mimi. Leo anatembea kwa kuchechemea, na kila tukikutana ananiamkia, "Shikamoo bwana shamba." Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na kuitikia marahaba mbele yake ni kazi ngumu.

Kwa hiyo sisemi haya kwa sababu ya uoga. Nasema kwa sababu ushauri mbaya nimeshautoa na gharama yake nimeiona.

CC huongeza mwendo, haiongezi breki

Twende kwenye mashine yenyewe. Chukua Boxer, kwa kuwa kila kijiji kinaijua. BM 100 ina injini ya CC 99. BM 150, licha ya jina lake, ina CC 144.8. Ya kwanza inatoa nguvu za farasi kama 8, ya pili kama 12. Umeongeza nusu ya nguvu. Sasa inama utazame magurudumu. Aina za kawaida zinazouzwa kwetu, ndogo na kubwa, zina breki za shuu mbele na nyuma. Tairi zinakaribiana upana. Barabara ni ile ile na mbuzi ni wale wale. Kilichoongezeka sana ni uwezo wa kukimbia, lakini uwezo wa kusimama haukuongezeka kwa kiasi hicho.

Na kusimama kuna hesabu yake. Dereva anayeona hatari hutumia kama sekunde moja kabla mkono haujabana breki. Kwa breki nzuri kwenye lami kavu, ukiwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa utahitaji kama mita 23 kusimama. Kwa 60 utahitaji kama mita 44. Kwa 80 zinafika kama mita 71. Ona hapo: mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa kusimama umeongezeka mara tatu. Hiyo ni lami kavu bila mzigo. Kwenye changarawe au udongo uliolowa, weka mita nyingi zaidi, na mgeni wa pikipiki aongezewe nyingine kwa sababu mkono wake haujajua kugawa breki ya mbele na ya nyuma.

Utaniuliza, kwani CC 100 haifiki 80? Inafika. Ila inafika taratibu, na ikiwa na mzigo inakuonyesha mapema kwamba imechoka. Inalalamika, unashusha gia, unapunguza. Ile ya 150 hailalamiki mapema. Inakupeleka kwenye mwendo ambao bado hujajifunza kuutawala. Kwa dereva mzoefu hiyo ni sifa. Kwa anayejifunza ni mtego.

Wala si mimi niliyebuni wazo hili. Leseni zetu za Tanzania zimeligawa hivyo hivyo: daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi CC 125, na daraja A ni la zile zinazozidi hapo. Nchi za Ulaya nazo humwanzisha kijana kwenye pikipiki isiyozidi CC 125, tena kwenye barabara za lami zenye alama kila kona. Sisi wa makorongo na utelezi tunamwanzisha kijana na 150 na magunia juu. Hapo nani anamrudisha nani nyuma?

"Lakini bwana shamba, mzigo je?"

Hili ndilo jibu wanalonirushia kila mara, na ndilo linalowapoteza wengi.

Fungua kitabu kinachokuja na pikipiki, utafute mstari wa uzito wa juu unaoruhusiwa. Nyingi za aina hii nilizosoma vitabu vyake huishia kilo 150 au chini ya hapo, dereva akiwa ndani ya hesabu. Dereva wa kilo 65 na gunia moja la mahindi la kilo 100 tayari ni kilo 165. Umeshapitiliza kwa gunia moja, ukiwa na 100 au ukiwa na 150.

Injini kubwa itaivuta mifuko minne, sikatai. Lakini mzigo haubebwi na injini. Unabebwa na shokamzoba, rimu, spoku, tairi na beringi, na unasimamishwa na zile shuu. Ndiyo maana unaona 150 nyingi vijijini zina spoku zilizokatika na keria iliyochomelewa mara tatu. Injini inang'ara na mwili wote umechoka.

Mchuuzi anayehamisha magunia matano kwenda sokoni anahitaji safari tano, au bajaji ya mizigo, au akodi kirikuu na wenzake wanne. Gharama ya kirikuu ukiigawa kwa watu watano mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani. Pikipiki ya kwanza ni ya kukupeleka wewe shambani na sokoni, na kubeba kreti mbili za nyanya, trei za mayai, dumu la maziwa au mfuko mmoja wa mbolea. Kwa kazi hiyo CC 100 inatosha, na 125 ina akiba.

"Na milima?"

Hapa wana hoja, na sitawanyima. Kwetu kuna vilima ambavyo CC 100 yenye mzigo inavipanda kwa gia ya kwanza huku ikilia. Kama njia yako ya kila siku ni hiyo, chukua 125. Zipo za Boxer, zipo za TVS HLX, zipo Honda. Mimi siuzi hata moja kati ya hizo. Chagua ambayo spea zake zinapatikana kwenye soko lako na fundi wako anaifahamu.

Na kuna siri ambayo wauzaji hawakuambii. Fundi anaweza kukubadilishia sproketi ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi kuliko ile iliyopo. Pikipiki itapoteza kidogo mwendo wa juu na itapata nguvu ya kupanda. Ni matengenezo ya nusu saa, nayo yanagharimu sehemu ndogo sana ya tofauti ya bei kati ya 125 na 150.

Anayesema 125 ni delicha la mjini aisome historia. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, ilibuniwa makusudi kwa nchi ambako watu hubeba mizigo mizito na hawapati sevisi kwa wakati. Wahandisi wale walipotafuta injini ya kuvumilia maisha kama yetu walichagua CC 124, na pikipiki nyingi za Kichina unazoziona barabarani zimetokana na muundo huo.

Deni ndilo linaloshika usukani

Kuna jambo lingine ambalo haliandikwi kwenye tangazo. Wengi wanaochukua 150 hawanunui kwa fedha taslimu. Wanachukua kwa mkataba, wanapeleka hesabu kila siku au kila wiki.

Jiulize deni hilo linamfanya nini mgeni wa barabara. Linamtoa nyumbani kabla hajajua kuendesha vizuri. Linamfanya abebe abiria wawili ilhali sheria inaruhusu mmoja. Linamwambia asimame kijiweni usiku na mvua inanyesha, kwa sababu hesabu ya kesho haijatimia. Halafu akianguka tunasema kijana alikuwa na haraka. Haraka ile aliichukua pamoja na ufunguo.

Mwenye kununua ndogo kwa fedha yake anaweza kukaa nyumbani mvua ikinyesha. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko CC 45.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Usichukue takwimu za kijiweni, jipimie. Jaza tanki mpaka juu, andika namba ya kilomita, endesha siku tatu kazi zako za kawaida, jaza tena mpaka pale pale. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Tuseme ndogo imekupa kilomita 55 kwa lita na kubwa ya jirani imempa 42. Kwa kilomita 12,000 za mwaka, wewe umetumia kama lita 218, yeye kama lita 286. Tofauti ni lita 68. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu uone ni mifuko mingapi ya mbolea.

"Ndogo ni ya mwalimu"

Nimeacha hoja hii ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa haina hesabu ndani yake. Kijiweni wanasema CC 100 ni ya mwalimu, ya katekista, ya mama. Kijana anaona aibu. Basi anaongeza deni ili asichekwe.

Namjua mama mmoja mchuuzi wa mayai na kuku wa kienyeji. Alinunua CC 100 iliyotumika, akaenda chuo cha udereva kwanza, akachekwa na kijiwe kizima. Anazunguka vijiji vinne kwa wiki. Pikipiki yake ina oili safi, cheni yake haijalegea, kofia haitoki kichwani. Kati ya waliomcheka, nawajua wawili ambao pikipiki zao zilirudi kwa wenye mkataba. Mama bado anauza mayai.

Mwanamume hapimwi kwa tanki la pikipiki. Na huyo mwalimu mnayemcheka, tazameni: pikipiki yake ina miaka mingapi, na mifupa yake iko salama?

Ikague hivi kabla ya kulipa

Chukua orodha hii uende nayo dukani au kwa muuzaji.

1. Kaa juu yake. Nyayo zote mbili ziguse chini bila kujinyoosha. Isukume kwa mikono mbele na nyuma, kisha igeuze kwenye nafasi finyu. Kama tupu inakushinda dukani, kwenye matope itakulalia.

2. Piga kiki injini ikiwa ya baridi. Iwake kwa kiki mbili tatu. Usitegemee starta peke yake. Betri ikifa porini utakumbuka maneno yangu.

3. Bana breki ya mbele huku ukiisukuma mbele. Usukani usicheze wala kugonga. Bana tena breki zote ukiwa mwendo mdogo. Isimame kwa mstari ulionyooka.

4. Tazama cheni. Katikati icheze sentimita 2 hadi 3. Meno ya sproketi yakiwa makali kama ya msumeno, jua utanunua seti nzima, hivyo punguza bei.

5. Zungusha magurudumu yakiwa juu. Rimu isiyumbe. Gonga spoku moja moja; iliyolegea ina mlio mzito.

6. Kama ni iliyotumika, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Namba moja ikitofautiana, aga kwa heshima uondoke. Usikubali "kadi iko kwa kaka." Umiliki ubadilishwe TRA kwa jina lako.

7. Uliza bei ya shuu, kebo ya klachi, seti ya cheni na tyubu kwenye maduka mawili ya karibu nawe. Kama hazipo, pikipiki hiyo si yako, hata iwe nzuri namna gani.

Ukishainunua mpya, oili ya kwanza imwagwe mapema kama kitabu kinavyoelekeza, na kilomita za mwanzo usiikamue wala usiibebeshe.

Tofauti ya bei iende wapi

Iende kwenye vitu vinne. Cha kwanza ni mafunzo, VETA au chuo cha udereva kilichosajiliwa, mpaka upate leseni. Cha pili ni kofia ngumu ya kufunika kichwa chote, yenye mkanda unaofungwa. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia inayoning'inia kwenye usukani haipunguzi kitu. Cha tatu ni bima, ambayo ni lazima kwa sheria, na leseni ya LATRA kama utabeba abiria kwa malipo. Cha nne ni akiba ya shuu, tairi na oili kwa miezi sita.

Nani anunue 150?

Sikusema isinunuliwe na yeyote. Mwenye leseni ya daraja lake, aliyeendesha angalau mwaka mzima wa masika na kiangazi bila kuanguka, na ambaye daftari lake linaonyesha kwamba kazi yake ya kila siku inamlipa kwa nguvu hiyo ya ziada, anunue na Mungu ambariki. Atauza ile ndogo, na CC 100 iliyotunzwa haikosi mnunuzi kijijini.

Ila kwa anayeanza msimamo wangu ni ule ule, na nawaomba viongozi wa vikundi na AMCOS wanaosimamia mikopo ya pikipiki: kabla hamjauliza CC ngapi, ulizeni mkutanoni nani ana leseni. Swali hilo halina gharama. Mimi sikuliuliza, na kuna familia moja iliyolipa kwa msimu mzima wa kahawa na mguu wa kijana wao.

Anayeona nimekosea aje tubishane, mlango uko wazi kila Jumatatu na Alhamisi. Ila aje na daftari lake la mafuta na spea, tuhesabu pamoja.

Nawatakia mauzo mema na safari salama.